Je, Dufresne Yuko Hai?

Winnipeg, Januari, baridi ya kugandisha kope.
Mimi mwanagenzi wa wiki ya tatu,
tai ya kuazima shingoni.

Nilikuwa nimeipata.
Saa tano usiku, kwenye kompyuta ya ofisi,
niliandika maneno manne tu: mpangaji, hita, baridi, fidia,
ikaja yenyewe, kama mbwa aitwaye kwa jina lake:
shauri la Dufresne, kurasa arobaini na mbili,
jaji akisema hasa nilichotaka aseme.
Nikanakili. Nikapiga mstari.
Nikalala usingizi wa mshindi.

Asubuhi Bi. Prystupa akasoma amesimama,
kidole kikishuka ukurasa polepole
kama achaguaye mchele, akisaka chuya.
"Vizuri. Na yuko hai?"
"Nani?"
"Dufresne."
Nikadhani aulizia mtu.
Nikajibu, sijui, huenda amezeeka.

Hakucheka. Heri angecheka.

Akavuta kiti, akanifunza kuihoji hukumu
kama ahojiwavyo mgeni wa usiku mlangoni:
umezaliwa lini, mahakama ipi,
nani amekutaja tangu hapo, kwa heri au kwa shari,
nani amekupita kando bila salamu,
na nani, Alhamisi moja isiyo na habari,
amekuzika bila matanga.

Alikuwa amezikwa. Mahakama ya Rufaa,
miaka kumi na mmoja iliyopita, kwa aya tatu.
Mimi nilikuwa na kumi na minne, nikijifunza kuteleza barafuni.

Nikamfikiria Bwana Thiessen, chumba chake cha chini ya ardhi,
siku kumi na tisa bila joto,
insulini yake imeganda kikombeni dirishani;
nami nilitaka kumpeleka kortini
ameegemea maiti.

"Soma na tanbihi," akasema Bi. Prystupa, akivaa koti.
"Wazikaji nao husahau mlango wazi."

Tanbihi ya tisa. Herufi za kuumiza macho.
*Isipokuwa pale mpangaji alipomwarifu mwenye nyumba kwa barua.*

Nikapiga simu.
Bwana Thiessen akakohoa, akawaza, akakohoa tena.
Barua? La, barua hakuandika.
Ila Desemba, nyuma ya kadi ya Krismasi,
chini ya *heri na baraka kwa familia yako*,
aliandika: *hita imekufa, tafadhali.*

Nikarudi kitini. Kahawa imepoa.
Nikafuta yale maneno manne
nikaandika mawili:
kadi, barua.