Mwanya

Niliteleza bafuni Jumatano, siku ya soko la wanawake.
Ndoo ikaenda huku, miye huku,
na meno manne ya juu yakabaki kwenye marumaru
kama punje za mahindi zilizomponyoka mtu.

Herufi iliyonikimbia kwanza ni F.
Mjukuu wangu Fakhria nikamwita Hakhria,
akacheka mpaka akakaa chini.
Nikasoma Fatiha kwa pumzi tupu,
nikamwomba Mola aijalizie mwenyewe.

Jino la pembe si dawa ya pengo:
nikiwaambia wenzangu hivyo, nikitafuna bisi.
Methali ni nyepesi kinywa kikiwa kimejaa.

Zahanati iko juu ya duka la matairi, njia ya Sur.
Dokta Shamsa ana mikono midogo inayonuka karafuu,
nikafumba macho nikawa Wete, mtoto wa miaka sita,
majamvi yameanikwa hadi mlangoni.
"Fumbua, Mama." Nikafumbua kinywa, macho nikayaacha.

Akanitandikia, kama muuza vitambaa.
Kuna meno ya kuvua, usiku yanalala kwenye bilauri.
(Tangu Harith aondoke, miaka tisa,
kando ya kitanda changu pana bilauri moja tu.
Sitaki ianze kunichekea.)
Kuna daraja: tunachonga chonge zako mbili, nzima, hazina kosa,
tunazivika kofia, manne ya katikati yanazishikilia.
Kuna skrubu za titani, zinapandwa mfupani,
unangoja miezi minne mfupa uzikumbatie.
Ila kwanza tupime sukari.
Sukari yangu! Hata kwenye meno ina kauli.

Binti yangu Thuraya akavuta utepe wa rangi.
"Hii, Mama, ya mwisho kabisa."
Nikaitazama. Nyeupe ya sinki.
Nikachagua ile iliyokunywa kahawa nami tangu ujana.

Wiki ya pili wakanionyesha kinywa changu kwenye kompyuta:
manne bega kwa bega, kama wanafunzi kwenye gwaride.
Nikauliza, mwanya wangu mmeuweka wapi?

Dokta Kiswahili chake ni cha kuokota kwa bibi yake.
"Pengo? Si ndilo tunaliziba, Mama."

Pengo jingine, mwanangu. Pengo ni kilichoondoka.
Mwanya nilizaliwa nao.
Mwanya ndio Harith aliouona kabla hajaniona miye,
nacheka ukumbini, sijui kama kuna mtu mlangoni.

Thuraya akatapatapa na Kiarabu: ufa, nafasi, tundu.
Tundu! Nikamnyamazisha, nikasema mwenyewe: falaj.
Kama ule unaopita nyuma ya mitende yenu,
unaokata shamba mara mbili
na pande zote mbili zikanywa.

Dokta akacheka, akasahau kujiziba,
nikaona waya, vichuma vidogo vidogo,
na katikati ya meno yake ya mbele
falaj nyembamba, imebakia kama uzi.

Akaandika, akafuta. Daraja moja halina mwanya, akasema,
ukilikata katikati linaanguka.
Basi yawe mawili, mafupi, yasiyokutana,
kila moja kwa skrubu zake.
Bei ikapanda ngazi mbili mbili.
Nikavua bangili za harusi. Mkono ukabaki na mstari mweupe,
kama wa mtu mwingine.

Miezi sita. Uji, supu, sindano, subira, uji.

Jana nikamwita Fakhria kutoka jikoni, jina likafika zima.
Nikavuta pumzi, na ubaridi ukapita pale pale pa zamani.

Dokta alipokwisha kunikagua akafunga mlango,
akauliza taratibu, mkono mdomoni:
"Ulipokuwa msichana, Mama, hukuuonea haya?"

Nikamuuliza, hizo waya zako zinatolewa lini?

"Rajabu," akasema.

Nikahesabu kwa vidole.
Muda bado upo.