Kalunguyeye wa Isevya

Kitabu nilikishona mwenyewe kwa uzi wa gunia,
kurasa zake maboksi ya sabuni,
picha zake kalenda ya mwaka juzi
na rangi za kuchovya kidole.
Hakina maneno. Watoto wa miaka minne
husoma kwa kugusa.

Ukurasa wa kwanza: kalunguyeye na miiba yake.
Wa pili: sungura anasogea kando.
Wa tatu: kanga naye anasogea kando.
"Kwa nini wanamkimbia?"
"Anachoma," anasema Shija,
ambaye juzi alimng'ata Ramla begani
hata baba yake Ramla akaja kunigombeza getini, mbele za watu.
"Na yeye anataka nini?"
Kimya. Treni ya Mpanda inapiga honi kule stesheni.
"Anataka kukaa," anasema Nyanzobe.

Basi tukatoka uani tukafinyanga.
Udongo wa kichuguu, maji ya kopo,
miiba ya njiti za fagio langu.
Fagio likabaki kipara.
Kalunguyeye wengine walitoka kama viazi,
mmoja kama kiatu,
na wa Mihayo ana miiba mpaka machoni,
"ili asione wanavyomkimbia."
Hilo sikumfundisha mimi.

Sasa nikiri.
Vitafunio vilikuwa matobolwa na karanga,
sahani za plastiki, mojamoja mkekani.
Watoto ishirini na watatu.
Nikapanga sahani ishirini na mbili.
Niliona nimebuni jambo:
atakosa mmoja, wenzake watammegea,
nami nitasema, Mnaona? Huo ndio wema.
Usiku kucha nilijisifu kwa mtego ule.

Akakosa Milembe.
Kati ya wote, Milembe,
anayefika na tumbo la jana,
anayelamba kidole ili kiokote punje zilizobaki.
Hakulia. Alikaa, mikono mapajani,
akawatazama wenzake wakitafuna
kama mtu anayetazama mvua
ikinyesha kwenye shamba la jirani.

Nikangoja.
Matobolwa ni magumu, hutafunwa polepole,
nami nikasikia kila jino.
Ramla akaifunika sahani yake kwa kiganja.
Nyanzobe akatazama juu, kwenye bati.
Nikaanza kuwakasirikia,
nikawa nimeshafungua mdomo niwahutubie,

ndipo Shija, yule mng'ataji,
akazihesabu sahani kwa kidole,
akapotea kwenye kumi na tano, akaanza upya,
akapotea tena, akaacha,
akaniinulia macho:
"Mwalimu, kwani nani alipanga?"

Nilisomea ualimu miaka miwili.
Sikuwa na jibu.
Nikaingia ndani nikatoa bakuli langu,
chakula changu cha saa saba,
nikamwekea Milembe mapajani.
Akalishika kwa mikono miwili.
Hakusema asante,
wala hakuwa na deni hilo.
Shija akajikokota kwa makalio mpaka kwake,
akakaa bega kwa bega naye,
akachota karanga tatu
kutoka bakuli la Milembe.
Milembe akamwachia.

Jioni, nikikunja mkeka,
nikakuta kitabu kimeachwa wazi
kwenye ukurasa wa mwisho, pale nilipowachora
wanyama wote wamerudi, wanakula pamoja.
Mtu ameongeza duara kwa mkaa,
mbele ya kalunguyeye,
duara kubwa kuliko mengine yote,
limejazwa vitone kwa nguvu hata boksi limetoboka.
Nikazihesabu sahani nilizochora mimi.
Kweli, moja ilikuwa imepungua,
na hiyo
sikuwa nimekusudia.