Kikohozi, Wimbo wa Saba

Bahasha imefika na theluji mgongoni.
Ndani, santuri nzito kama sahani ya wageni:
nyimbo kumi na nane za vijana watano
wa mji wa machimbo ya chuma, kaskazini mwa Minnesota,
waliovuma kutoka kwetu hadi daraja la pili,
wakaishia hapo.

Aliyezikusanya anaitwa Tobin.
Hata mama yake alikuwa hajazaliwa
Waino alipopiga gitaa la mkopo
ukumbini kwa wachimbaji, koti likimbana kwapani.
Amezitafuta kwa subira ya mchwa:
mbili kwenye boksi la duka la matairi,
moja chini ya kitanda cha mjane wa mpiga ngoma,
na ya kumi na nane si wimbo,
ni tangazo la mabeleshi ya theluji,
wameliimba kwa sauti nne
kana kwamba beleshi nalo lina mahaba.

Jaladani ameandika maelezo marefu.
Amekosea jina la mbwa. Amekosea mwaka wa ajali.
Kaka yangu amemwita mpiga besi mtulivu.
Reino! Mtulivu!
Aliyepasua kioo cha kanisa
kwa kujaribu spika mpya Jumapili asubuhi!

Lakini mgeni njoo, mwenyeji apone.
Mwezi wa tatu alinipigia simu, kijana ana adabu:
Bi Lempi, kwenye wimbo wa saba,
kabla ya ubeti wa pili, kuna mtu anakohoa.
Mashine zetu zinaweza kukifuta,
kisiache hata alama.

Nikakaa, simu sikioni.
Nje likapita gari la kuzoa theluji.
Wimbo ule maneno ni ya Waino, sauti ya Waino,
na besi siku hiyo alipiga binamu yao,
maana Reino alikuwa na homa.
Alikuja kukaa tu, kofia ya masikio kichwani,
asipitwe.
Humo mwote, chake ni kikohozi.

Futa gitaa, nikamwambia, ukipenda.

Leo nimeshusha sindano
nikaziruka sita za mwanzo bila haya.
Nimesikiliza, nikarudisha.
Nimesikiliza, nikarudisha.
Mara ya tano mdomo ukanitangulia,
kwa sauti ya mama, kwa ukali wa mama:
kanywe maji, we mtoto,
halafu vaa soksi.