Punje ya Njugu

Daktari hakumtazama mama. Alinitazama mimi.
"Mwambie ni uvimbe," akasema, "na si uvimbe mzuri."
Nilikuwa na miaka tisa, soksi moja imeteremka,
na sikuijua ishara ya uvimbe usio mzuri.
Nilijua ya unga, ya kodi, ya stima imepotea,
ya kola na zipu za sare alizoshona Kariobangi
kiganja kimoja kimelala juu ya cherehani
kikisikiliza kama uzi umekatika.

Asubuhi hiyo jina lake liliitwa dirishani mara tatu:
Syombua Muthiani. Syombua. Syombua Muthiani.
Faili likarudi kabatini.
Mimi nilikuwa msalani. Dakika mbili tu.
Tukaanza foleni upya, nyuma ya watu arobaini.

Basi nikafumba ngumi.
Nikaiweka hapa, chini ya kwapa langu, nikaifanya ikue.
Mama akaitazama, kisha akanitazama usoni,
maana lugha yetu, sauti yake ni uso,
na uso wangu ulikuwa umeshasema.
Akauliza: Kubwa kiasi gani?

Nikadanganya.
Nikakutanisha kidole gumba na cha shahada,
nikaacha upenyo mdogo katikati: njugu.

Tulirudi baada ya miezi minane.
Wakaukata upande mzima.

Waheshimiwa,
mmeniuliza kama mkalimani katika kila hospitali
si gharama kubwa mno kwa jiji.
Sijui bei ya mkalimani.
Bei ya njugu naijua.

Mzee mmoja wenu amecheka kidogo, akasema
asiyesikia la mkuu huvunjika guu.
Mama hajavunjika guu. Na mkuu je,
nani amempima masikio?
Tumeambiwa pia sikio la kufa halisikii dawa.
Ningependa kumuuliza mhenga huyo
tangu lini dawa ikanywewa kwa sikio.

Hadithi ya njugu sijamsimulia mtu
kwa miaka ishirini na miwili,
na leo nimeisema haraka haraka, macho kwenye karatasi,
nikasahau kwamba pembeni yangu
amesimama Oduya, shati jeusi, mikono haijatulia,
na kila ninalolisema
analipeleka safu ya tatu, kiti cha kando,
alikoketi mwanamke mwenye leso ya zambarau.

Nageuka.
Vidole vya Oduya vimekutana. Upenyo mdogo.
Mama anaviona.

Anasimama. Hana haraka.
Anavuta leso begani kama anayepima kitambaa,
halafu anaongea, na kwa mara ya kwanza maishani
mama anaongea bila kuazima mdomo wangu.
Sauti ni ya Oduya, nene, ya Kisumu kidogo:

"Nilijua. Mtoto hawezi kudanganya kwa vidole,
vidole vyake vilikuwa vinatetemeka.
Lakini ningemuuliza nani mwingine?
Na yeye, angemwachia nani?"

Ukumbi kimya. Kimya chenu, si chetu.
Mwenyekiti anakohoa, anasogeza kipaza sauti,
anamgeukia Oduya: "Mwambie mama kwamba tume..."

Mama anapunga mkono hewani, mara mbili,
mpaka bangili zinagongana.

Mimi niko hapa.
Nitazame mimi.