Hesabu ya Yai

Mimi ndiye mhazini. Miaka ishirini na sita
nilipima marobota kwenye kinu cha pamba,
na kalamu yangu haikuwahi kudanganya kilo.
Sasa nashika daftari la usharika wetu hapa Igombe,
kanisa la bati lililobanwa na majabali mawili,
na ukurasa wa mwaka huu una safu mbili:
Ahadi, na Taslimu.

Safu ya ahadi imenenepa.
Bwana wa kiwanda cha minofu ameahidi mashine mpya,
mara mbili, kwa kipaza sauti,
nasi tukampigia makofi mara mbili.
Safu ya taslimu, mbavu zahesabika.

Na boti ya huduma imelala mwaloni tangu Pasaka,
magugu maji yameipanda hadi mdomoni.
Mwinjilisti Magesa huenda kila jioni kukitazama kisiwa
kama mtu aliyefungiwa nje ya nyumba yake.
Kule wako saba wanaongoja dawa zao za mwezi,
yuko mtoto hajabatizwa,
na sembe yao inaliwa na fukusi stoo kwetu.

Jumapili ile Holo alichelewa.
Aliingia na magamba ya dagaa yakimetameta mikononi,
akaweka yai moja kwenye meza ya matoleo,
akatoka kabla ya baraka:
wingu lilikuwa limesimama upande wa Sengerema,
na dagaa wake wako mchangani, hawana paa.

Mchungaji akaanza, "Kama yule mjane..."
Akina mama wakacheka. Holo si mjane.
Mumewe yupo, mzima, amelala.
Usingizi wa gongo una mizizi.

Basi, mnada.
Lugwisha wa baiskeli: elfu mbili. "Narudisha!"
Nyanzobe wa cherehani: elfu tatu. Akarudisha.
Vijana, tano.
Kwaya wakanong'onezana, wakafungua ncha za khanga,
wakatoa kumi, noti zenye jasho.
Nesi wa zahanati, sita.
Mtoto mmoja alitoa mia mbili,
akalikumbatia yai, hakutaka kurudisha;
ilibidi abembelezwe.
Mwisho, kijana wa bodaboda, mgeni kwetu,
aliyesimama mlangoni na kofia ngumu kwapani:
"Kumi na tano. Mama alivushwa na boti ile usiku,
uchungu umekwama.
Aliyekwama ni mimi."

Nilijumlisha mara tatu, ndiyo mazoea:
elfu arobaini na moja, na mia mbili.
Plagi mbili, lita nane za petroli.

Yai lenyewe halikudaiwa na mtu.
Nikalibeba nyumbani mfukoni mwa shati,
nikitembea kama niliyebeba maji.
Minza akatia mafuta kikaangoni, akaligonga,
akaniita kwa sauti ya msibani.
Ndani: nyuzi nyekundu,
jicho jeusi kama mbegu ya mchicha,
na kitu kilichokuwa kimeanza kuwa.

Hakuwa na yai la kutoa, mwanamke yule.
Alipenyeza mkono chini ya kuku anayeatamia,
akadonolewa,
akatoa.

Tulilifukia penye mgomba. Hatukusema neno.

Jumatatu saa tatu mashine ilikohoa,
ikatema moshi, ikakataa, ikakohoa tena,
kisha ikakubali.
Magesa hakupunga mkono, alikuwa ameshika usukani kwa yote mawili.
Holo alikuwa pale pale, anageuza dagaa,
akainua kichwa kidogo kwa ajili ya mlio,
akaendelea kugeuza.

Usiku huu nimekaa na daftari, taa ya sola inafifia.
Nilikuwa nimeandika: Holo, yai moja.
Kinuni, mtu alifukuzwa kwa kufuta.
Kwa hiyo sikufuta. Nimepiga mstari mmoja,
nikatia sahihi pembeni kama kanuni isemavyo,
nikaandika juu yake: Holo, kuku mmoja.

Kisha macho yakahamia safu ya kushoto,
mstari wa tatu kutoka juu,
mwandiko wangu mwenyewe.