Taa Inauma

Karatasi imekuja na orodha: nyumba mia mbili na kumi na mbili,
Ibra ya juu, Ibra ya chini, mpaka Mudhairib,
nami nina ngazi, bisibisi ya kupimia,
na gari la duka lenye kiyoyozi kinachokohoa.
Taa za shaba, zile za nyota, toleo la mwaka jana:
zizimwe. Zisiguswe. Zirudishwe.
Mteja atarejeshewa fedha yake.
Basi. Karatasi haina maneno mengi kuliko hayo.

Nyumba ya arubaini na saba. Mlango wa chuma, rangi ya samli.
Nabisha, naita kwa Kiarabu changu cha kuungaunga,
na sauti ya kizee inanijibu toka ndani:
"Wewe si wa hapa. Hiyo hodi umeimeza, lakini nimeisikia."
Bi Zeyana, mzaliwa wa Wete, miaka sitini Ibra,
na mbuzi wake bado huwatukana kwa Kipemba.

Taa inaning'inia katikati ya majlisi,
pana kama sinia la harusi, imetobolewa nyota nyota;
ikiwashwa huimwaga mbingu nzima ukutani.
"Hiyo siitoi. Nimeinunua kwa fedha ya tende zangu.
Ina ubaya gani? Inawaka."
Kuwaka inawaka, bibi.

Hapo mlango wa jikoni ukasogea,
akasimama binti, kitambaa cha vumbi mkononi.
Kadzo. Wa Kaloleni. Mwaka wa pili na miezi mitatu.
Hakunitazama mimi, aliitazama karatasi.
"Imeandikwa inauma?"
Imeandikwa: hatari ya kupigwa na umeme.
"Mimi nilisema inauma," akasema taratibu,
kama mtu anayehesabu chenji yake.
"Nilisema kabla ya Ramadhani. Nikasema tena baada ya Idi.
Nikaambiwa taa haina meno.
Nikaambiwa mvivu hakosi sababu."

Bi Zeyana alishika punje moja ya tasbihi, asiisogeze.

Nikazima kwenye meni-swichi. Nikapanda.
Nikafungua kikombe cha dari: skrubu tatu, ya nne haikuwapo.
Waya mwekundu umechubuka, umelalia shaba tupu.
Na ule wa kijani na manjano
umekatwa huko huko ulikotoka,
ukaviringwa, ukafungwa utepe
kama kitovu cha mtoto.

"Kuna nini huko juu?"
Haina ardhi, nikamwambia.
Ndivyo tusemavyo mafundi, bibi. Waya wa ardhi haukuungwa.
Umeme ukipotea njia hauna pa kushukia,
basi hukaa pale pale unamngoja mtu,
humshukia yeyote atakayegusa.

"Haina ardhi," akarudia Bi Zeyana,
akilitafuna neno kwa upande wa mdomo uliobaki na meno.
Sijui wakati ule alikuwa Wete au alikuwa wapi.
Kadzo alikuwa akiziangalia ncha za vidole vyake.

Riali thelathini na nane na nusu. Saini hapa, bibi.
Akasaini, kalamu ikimcheza.
Kadzo akasogea mezani.
"Na mimi nasaini wapi?"

Nikaigeuza karatasi, mbele, nyuma.
Pana mahali pa mteja. Pana pa fundi. Pana muhuri wa duka.
Bibi akafungua kinywa, akakifunga,
kisha akamwambia, kwa sauti ya mtu anayegombana na mwingine,
akae, kahawa leo ataimimina mwenyewe.
Kadzo hakukaa. Alinishikia ngazi.

Niliitoa taa nimeikumbatia kama mgonjwa.
Ilinuka ndimu na majivu; hakuna pembe ya nyota hata moja
iliyokuwa na vumbi.
Arubaini na sita nilizoziteremsha kabla yake
zilikuwa zimefubaa.

Nyumba ya arubaini na nane haikuwa na mtu.