Mkalimani wa Wenye Mitaji

Saa mbili asubuhi, hoteli ya Lunca Veche.
Bwana Namgung anakunywa chai bila sukari
na kuuliza swali ambalo nalipwa kwa siku
kulibeba kutoka mdomo huu hadi sikio lile:
Kwa nini hapa? Kwa nini si Hungaria, si Serbia?

Mkuu wa mkoa, Ovidiu Stângaciu, amevaa tai mpya.
Kijitabu anacho mkononi ila hakifungui,
keshakikariri kama mtoto wa darasa la pili:

*Karibu wenye mitaji, kwetu kuna barabara,*
*Umeme nao na maji, na reli iliyo bora,*
*Mafundi wetu wa mji, waridhika na ujira,*
*Ni mlango wa Ulaya, ingia kwa kodi haba.*

Vina vilinivunjikia njiani kama mayai.
Nilifikisha barabara, reli, kodi.
Neno "waridhika" nililiweka chini taratibu,
nikatazama dirishani.

Tukapanda gari. Nikatafsiri uwanda wa Banat:
ngano mpaka macho yachoke,
udongo mweusi ambao, asema Ovidiu,
ukichomeka mwavuli unachipua.
Nikatafsiri alizeti, na nyuma yake
vinu vya upepo vya Wadenmaki, vitatu vikizunguka,
cha nne kikisubiri kipuri tangu Pasaka.
Nikatafsiri vijana wa kompyuta, orofa ya juu ya bucha,
wanaoandika programu za benki za Uswisi
kwa theluthi ya mshahara wa Mswisi.
"Theluthi," nikasema kwa Kikorea.
Kuna maneno hayahitaji mkalimani.
Bwana Namgung alitikisa kichwa kabla sijamaliza.

Kisha akaomba tusimame
mahali ambapo hapakuwa kwenye ratiba.

Kiwanda cha viatu, kile cha Waitaliano,
waliofika na maua wakaondoka na mashine usiku,
walipopata mahali penye mikono ya bei nafuu zaidi.
Paa linavuja. Njiwa wamejaa.
Ukutani, safu ya kulabu za kutundikia aproni,
na juu ya kila kulabu jina kwa rangi ya mafuta:
Zenobia. Lucreția. Saveta. Paraschiva.
Alizihesabu kwa kalamu, hewani, moja moja.
Mia tatu na kumi na nne.

"Hawa walijua kushona ngozi?"
Walijua. Gizani, kwa vidole tu.
"Na sasa wako wapi?"

Ovidiu akasema: wapo, wapo tele.
Nikatafsiri: wapo tele.
Sikutafsiri Brescia, chumba cha mzee wa miaka tisini
ambaye Saveta humgeuza kila baada ya saa mbili
asiote vidonda, humwita babbo,
na Jumapili hunipigia simu kuniuliza
kama mti wa kwinsi umezaa.

Mgeni si mjinga. Alikuwa ameona
bibi na wajukuu, bibi na wajukuu,
kila baraza tuliyoipita, katikati hakuna mtu.
"Tukijenga hapa," akauliza, "watarudi?"

"Mwambie watarudi," alisema Ovidiu,
na tabasamu lake lilikuwa la kweli, hilo namtetea.
Na yeye ana dada yake Torino.

Miaka kumi na mmoja katika kazi hii
sijawahi kutia chumvi kwenye chungu cha mtu.
Siku hiyo nikatia.
Nikasema: "Itategemea mtawalipa nini.
Kwa theluthi, hawarudi."

Bwana Namgung alinitazama kidogo zaidi ya kawaida.
Sentensi ile ya Kiromania ilikuwa na maneno mawili,
yangu ilikuwa ndefu kama treni ya mizigo.
Akaandika. Akapiga mstari chini yake, mara mbili.

"Amesemaje? Amefurahi?" aliniuliza Ovidiu garini.
"Amesema paa linavuja," nikamjibu.
"Basi tutaziba," akasema, akitoa simu
kumtafuta fundi wa paa,
ambaye, ilibainika baada ya simu nne,
yuko Stuttgart.